Mfadhili Hakosi Shabaha

Siku yangu ya kwanza kazini, Kanali hakuniuliza kama najua kuchapa barua. Aliniuliza kama kichwa changu huuma upesi. Nikamjibu kuwa hakiumi, na huo ulikuwa uongo, maana kazi niliitaka. Akafungua dirisha la ofisi, akapuliza filimbi kuelekea kiwanjani, na bunduki kumi zikalia kwa pamoja. Niliishika meza kwa mikono miwili. Kanali akanitazama, akalifunga dirisha, akasema, "Utazoea, bibie. Wasozoea ni wale wanokuja kwa ajili ya chakula tu."

Kilikuwa kilabu cha kulenga shabaha, si jeshi wala polisi, ingawa Kanali mwenyewe alikuwa amestaafu jeshini na cheo chake sote tulimwachia. Alikulia Unguja kama mimi, akarudi Oman kijana, na Kiswahili chake alikitumia kwa mambo mawili: kutania na kukaripia. Kiwanja kilikuwa nyuma ya vilima vya mawe, mwendo mfupi kutoka Ansab, pembezoni mwa Maskati. Wanachama walikuwa watu wa kawaida, walimu, wafanyakazi wa wizara, wazee wa Qurayyat waliokuja na bunduki za babu zao zimeviringishwa kwenye mablanketi. Mimi, Zuwena, niliajiriwa kuwa karani wa mashindano. Nilidhani karani wa mashindano ni mtu wa kuandika majina. Ilinichukua msimu mzima kufahamu kwamba ni ombaomba mwenye meza.

Nieleze kidogo kazi ilivyokuwa, kwa sababu vijana wa leo wamezikuta skrini na hawajui kama palikuwa na watu. Msimu wetu ulianza joto likivunjika na ukamalizika kabla halijarudi. Mpigaji alilala kifudifudi juu ya mkeka, shabaha ikiwa mita mia mbele yake. Chini ya shabaha palikuwa na handaki, shimo refu la zege lenye kimo cha mtu, na humo walikaa watu wa alama. Risasi ikishapita juu ya vichwa vyao, waliishusha shabaha, wakalitafuta tundu, wakaipandisha tena, kisha wakanyanyua fimbo yenye kibao cha duara na kukiweka pale risasi ilipoingia, ili mpigaji aone kwa darubini. Tundu likigusa mstari wa duara la ndani, mpigaji hupewa alama ya juu. Pakiwa na ubishi hutiwa kipimo, kijichuma chenye unene sawasawa na risasi, na kipimo kikishasema hakuna rufaa. Ukikosa kabisa, kutoka handakini hupepewa bendera nyekundu, kushoto na kulia, na hakuna asiyeiona.

Mkuu wa handaki alikuwa Mutua, Mkamba wa Machakos. Alikuja Maskati kwa kazi ya ulinzi, mwajiri wake akafunga biashara, Kanali akamchukua. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa kuwa alishinda chini ya ardhi hakumjua mpigaji yeyote kwa sura. Aliwajua kwa matundu yao tu. "Madam, yule wa mstari wa nne leo ameamka vibaya," angeniambia kwenye simu ya waya iliyounganisha ofisi na handaki, na kweli ukimtazama wa mstari wa nne utamkuta kakunja uso.

Pesa za kilabu zilitosha umeme na maji. Zawadi, mahema, wali wa wageni, risasi za mazoezi, vyote vilitoka kwa wafadhili, na wafadhili nilikuwa nikiwaendea mimi. Kanali alinifundisha kwamba barua haiombi kitu. Barua inaomba ruhusa ya kuja kuomba. Ukishafika utaletewa halwa na kahawa. Kikombe cha kwanza unauliza habari za watoto. Cha pili, habari za biashara. Shida yako unaitoa cha tatu kikiwa bado mkononi, kwani ukishakitikisa kikombe umesema umetosheka, na aliyetosheka haombi. Nilikunywa kahawa nyingi kwa miaka ishirini na sita, na tumbo langu mpaka leo linanidai. Kuna aliyetoa matairi, kuna aliyetoa viyoyozi, na mmoja alituletea mbuzi hai kumi na wawili, wakashinda siku mbili nyuma ya ofisi, wakanilia orodha ya wapigaji.

Nao wafadhili walikuwa na haki moja, desturi iliyotangulia hata kuajiriwa kwangu. Aliyetoa zawadi kubwa ndiye aliyefyatua risasi ya ufunguzi. Hulazwa juu ya mkeka mzuri, watu hunyamaza, hupiga, handaki linajibu, watu hupiga makofi, na mashindano yanaanza.

Zamani zile handaki lilijibu kweli. Mwaka mmoja mfanyabiashara mkubwa alikuja na wanawe, wakwe zake na nusu ya wafanyakazi wake. Akapiga. Vumbi likatimka mbali kabisa, karibu na bango la onyo. Mutua akapepea bendera nyekundu, kushoto na kulia, bila haraka, kama alivyofundishwa. Yule bwana akajipangusa kanzu, akaaga kwa adabu zote, na akaondoka kabla wali haujapakuliwa. Msimu uliofuata hakutoa kitu. Tulikuwa ndio kwanza tumeanzisha mashindano ya wasichana, wasichana kumi na wanne na bunduki tatu za upepo za kuazima, na mashindano hayo yakafutwa. Nililia ofisini, nasema kweli. Kanali akaniambia, "Bibie, shabaha haimjui mkubwa wala mdogo. Ndo maana mie naipenda."

Ni neno zuri, lakini Kanali alistaafu akaenda na neno lake. Akaja Mkurugenzi Mtendaji, kijana aliyesoma nje, kanzu yake ikinukia udi toka asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka. Wiki ya pili aliniita akaniambia bila kuinua macho, "Bi Zuwena, kuanzia leo mfadhili hakosi shabaha. Sijui utafanyaje, na sitaki kujua."

Nikashuka handakini mwenyewe, mara yangu ya kwanza. Mlikuwa na baridi na harufu ya gundi.

"Mutua," nikamwambia, "mfadhili akipiga risasi ya ufunguzi, ipate."

"Madam, kupata ni kazi ya yule anapiga."

"Na akikosa?"

"Akikosa nitapepea bendera."

"Bendera yako ndo ilotufungia mashindano ya wasichana."

Akabandika kiraka juu ya tundu, akalilainisha kwa kidole gumba. "Hiyo unaniambia ni amri ama ni ombi?"

Nilijua nikisema ombi atakataa. "Ni amri," nikasema.

"Kama ni amri, sawa. Lakini siku ikiulizwa, iulizwe kwako. Mimi niko na watoto."

"Itaulizwa kwangu, Mutua. Nnakuahidi."

Basi ikawa hivyo. Mfadhili akishalala chini, mimi hunyanyua simu na kusema, "Mgeni kakaa." Risasi hulia. Mutua huishusha shabaha, huchukua penseli, hutoboa duara la ndani, huipandisha, na huweka kibao juu ya weusi wa katikati. Penseli ya kawaida ya shule ina unene unaokaribia sana wa risasi zile. Kipimo hakikuitwa hata mara moja, maana nani ataomba kipimo kwa mtu aliyelipia chakula chake? Vumbi lilitimka huku na huko, nasi tuliokaa mahemani tuliangalia vikombe vyetu. Nadhani wengi walijua. Kwetu sisi kumwacha mgeni aaibike ni vibaya kuliko kumdanganya, na hakuna aliyekaa akafikiri kwamba huenda hayo mawili ni kitu kimoja.

Katika wafadhili wote hakuna aliyetufaa kama Bwana Khalfan, muuza matairi wa Sib. Alizaliwa Tabora, baba yake alikuwa na duka huko, na alikuja Oman mkubwa na ndevu zake. Mara ya kwanza kibao kilipokaa juu ya weusi, alisimama akatazama watu wote kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. "Mimi?" akauliza. "Mimi huyu?" Mwaka wa pili alipata tena. Wa tatu pia. Kadi zake za shabaha, zile zenye matundu ya penseli, akaomba apewe, akazitia fremu dukani kwake juu ya rafu za matairi. Kwa pesa zake wasichana walipata bunduki zao wenyewe na mwalimu. Mmoja wao sasa ni mwamuzi. Nikimwona na koti lake la uamuzi moyo wangu hufurahi, kisha hunisuta papo hapo.

Miezi minane kabla sijastaafu, Bwana Khalfan alikuja ofisini na furaha haimkalishi kitini. Alikuwa ameamua kutufanyia jambo kubwa. Atatununulia shabaha za umeme, mistari yote kumi. Shabaha hizi hazihitaji mtu. Risasi ikipita, mitambo inaisikia, na alama yake inatokea hapo hapo kwenye skrini mbele ya kila mtu.

"Na risasi ya kwanza nitaipiga mimi," akasema. "Watu waione kwa macho yao, wasiseme natazamwa kwa jicho la huruma."

Mkurugenzi alimbusu bega. Mimi nikaitazama ile simu ya waya.

Mutua alinijia jioni ile. "Madam, hizi mashine zikikuja, sisi watu wa shimo tunaenda wapi?"

Nilikwisha kuzungumza na Mkurugenzi, akakubali Mutua awe mtunza vifaa. Nikamwambia. Akashusha pumzi. Binti yake, kitinda mimba, alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na ada ilikuwa ikitoka katika mshahara ule. Kisha akauliza, "Na ile siku ya kwanza itakuwaje?" Nikamwambia nitakwenda kuzungumza na Bwana Khalfan mwenyewe. Nitamweleza kweli.

Na nilikwenda. Siku tatu kabla ya ufunguzi nilikaa barazani kwake Sib. Nikaletewa halwa na kahawa. Kikombe cha kwanza nikauliza habari za watoto. Cha pili nikauliza habari za biashara. Cha tatu nilikuwa nacho mkononi, maneno yako mdomoni, na yeye ananisimulia jinsi mkewe anavyomtania kuwa macho yamekwisha lakini kidole bado. Nikacheka. Nikakitikisa kikombe. Nikarudi nyumbani sikusema.

Siku ya ufunguzi ilikuja na upepo mdogo. Skrini kubwa ilisimamishwa mbele ya mahema. Bwana Khalfan akalala juu ya mkeka, mkono wangu ukaenda kwenye simu kwa mazoea, halafu nikakumbuka kuwa upande wa pili hakuna mtu. Akapiga. Skrini ikabaki nyeupe. Akapiga tena, mara tano kwa jumla. Mara tano skrini ilibaki nyeupe. Mafundi wakakimbia, wakaangalia nyaya, akaitwa mpigaji mmoja wa kilabu ajaribu mstari uleule, na risasi yake ikatokea katikati, nyekundu.

Bwana Khalfan hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyepotelewa na kitu na hajui ni nini. "Mwiteni yule wa handakini," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa akinihesabia."

Mutua alikuja na sare yake mpya ya mtunza vifaa. Ndiyo siku walipoonana kwa mara ya kwanza.

"Ndugu yangu," Bwana Khalfan akamwambia, na watu wote wanasikia, "wewe umeziona risasi zangu miaka yote. Hebu sema. Nilikuwa napata, au mashine hii haifai?"

Angesema mashine haifai, yangekwisha. Mutua aliitazama skrini, akamtazama yule mzee. "Mashine iko sawa, bwana mkubwa," akasema. "Yale matundu nilikuwa natoboa mimi. Na penseli."

"Nani alikutuma?"

Mutua akanigeukia. Hakuninyooshea kidole. Alinigeukia tu na kungoja, kama mtu anayemngoja mwenzake apokee mzigo. Nami nikainamia karatasi zangu. Nikatafuta jina kwenye orodha, jina ambalo halikuwapo. Nilikuwa na sababu nyingi, pensheni, wasichana, heshima ya kilabu, aibu ya mzee wa watu, na nikizichambua zote leo ni woga mtupu. Muda ule ulikuwa mrefu. Mkurugenzi naye alikuwa akitazama kucha zake.

"Ni mimi tu," Mutua akasema.

Bwana Khalfan akavaa viatu vyake akaenda zake. Mkurugenzi akatangaza mbele ya wageni kwamba udanganyifu hauna nafasi katika kilabu chetu. Wiki ileile Mutua alikatiwa tikiti ya kurudi kwao. Nilimpelekea bahasha na halwa. Akaichukua halwa, bahasha akanirudishia. "Hiyo ni khalas, madam, imeisha," akasema.

Nikastaafu. Walinifanyia sherehe, nikapewa ngao ya kioo, na Mkurugenzi akasoma hotuba ambamo neno "uaminifu" lilitajwa mara nne. Nilizihesabu. Masikio yangu yanavuma mchana kutwa, magoti hayataki ngazi, na nikikaa mahali pa kimya nachoka zaidi, kwa sababu kimya ndicho nilichokitumia vibaya. Vijana wanaokuja kuniuliza namna ya kupata wafadhili nawafundisha mambo ya kahawa na barua. Wananiona mjuzi. Nami nikishawafundisha huwa sina hamu ya kula.

Mwaka mmoja baada ya kustaafu nilikwenda tena Sib, barazani kwa Bwana Khalfan. Safari hii nilikataa hata kikombe cha kwanza. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, tangu siku niliposhuka handakini.

"Kaa, Bi Zuwena," akasema. "Mimi nilijua siku ileile. Mtu aliye shimoni hajui nani kalala juu. Lazima palikuwa na wa kumwambia. Nikakutazama, nikaona unasoma karatasi."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuwa nakupa nafasi. Ungesema neno moja tu, wallahi ningecheka. Tungekwenda kula wali. Na yule Mkenya asingeguswa, ningesimama mimi." Akakisogeza kando kikombe nilichokikataa. "Lakini mlinyamaza wote. Nikaona kumbe hata sasa wananihesabu mjinga. Mkurugenzi aliponiuliza afanye nini, nikamwambia afanye apendavyo. Hilo ni langu, na mimi linaniuma."

Usiku ule sikulala. Asubuhi niliandika barua, ya mwisho katika barua zangu zote, na hii haikuomba ruhusa ya kitu chochote. Niliiandikia kamati ya kilabu kwamba amri ilikuwa yangu, kwamba Mutua aliuliza kama ni amri nikamjibu ndiyo. Walichukua miezi miwili kujibu. Walisema wameisoma kwa masikitiko na wameondoa jina la Mutua katika kumbukumbu za utovu wa nidhamu.

Nikampigia simu Machakos. Nilisikia kuku, na mtu anapasua kuni.

"Madam Zuwena," akasema. "Sauti yako imezeeka."

Nikamsomea barua yangu, na jibu lao. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nimesafishwa," akasema. "Ni vizuri. Lakini kurudi huko siwezi tena, nimeshakuwa mzee."

"Na yule binti? Kamaliza uuguzi?"

"Aliachia hapo mwaka wa pili. Karo ilikatika. Sasa anauza mboga sokoni, ameolewa, wako sawa tu."

Nikaikunja ile barua. Halafu nikasema, "Nisamehe, Mutua. Nlikuahidi, sikutimiza."

"Mimi nilikusamehe nikiwa bado kwa ndege. Nilichoka kubeba." Kuni zikaacha kupasuliwa. "Lakini yeye sijawahi kumwambia ni kwa nini nilirudi. Anajua tu baba alifukuzwa kwa sababu ya kudanganya watu. Leo amekuja kutusalimia, yuko hapa nje. Nimwite?"

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda changu, mlango wazi, wajukuu wanapita. Miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kujua la kusema, kwa nani, kikombe kikiwa cha ngapi.

"Mwite," nikasema.

Nikamsikia akiita, na mwanamke akiitika kutoka mbali, akija huku akiuliza ni nani.

"Halo?"

"Mwanangu," nikasema, "mie naitwa Zuwena. Baba yako hakumdanganya mtu. Mie ndo nilompa amri."